Leadhills: kijiji cha wachimbaji waliosoma vitabu

Kusini mwa Scotland, katika milima ya Lowther, kuna kijiji kidogo kiitwacho Leadhills. Kiko karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko, kati ya vijiji vya Scotland, kinazidiwa na jirani yake tu, Wanlockhead. Nyumba zake ni fupi, nyingi zimepakwa chokaa nyeupe. Milima inayokizunguka kijiji haina miti. Huku juu mazao hayastawi, na kipupwe ni kirefu. Kilichowaleta watu ni madini ya risasi, yaliyochimbwa hapa kwa karne nyingi.

Dhahabu pia ilipatikana, ikichujwa kwenye mchanga wa vijito, na katika karne ya 16 ilikuwa nyingi kiasi cha kuwafaa wafalme wa Scotland. Lakini mkate wa kila siku ulitoka kwenye risasi, na risasi ina sumu. Moshi wa matanuri uliwadhuru watu na mifugo.

Katika miaka ya 1730 kampuni ya uchimbaji ilimpa usimamizi James Stirling, mwanahisabati ambaye fomula yake ya kukadiria faktoria inafundishwa vyuoni hadi leo. Stirling alipunguza zamu ya mchimbaji hadi saa sita kwa siku, akawaruhusu wafanyakazi kujenga nyumba na kulima viwanja. Si kwamba kampuni ilikuwa imegeuka shirika la hisani. Mwenye nyumba na bustani hahami ovyo, na mtu mwenye afya huchimba zaidi. Stirling alijua hesabu zake.

Hata hivyo, zile saa zilizobaki zilikuwa za wachimbaji wenyewe. Mwaka 1741 watu 23 walianzisha chama cha kusoma: wachimbaji 21, mchungaji na mwalimu wa shule. Wanachama walilipa ada, na ada ikanunua vitabu. Ndiyo maktaba ya kwanza ya aina hiyo Uingereza nzima, na iliendeshwa na watu waliotoka shimoni na tope miguuni. Wanlockhead nao hawakukubali kuachwa nyuma. Walifungua yao mwaka 1756.

Mwaka 1803 mwandishi Dorothy Wordsworth alipita huku pamoja na kaka yake, mshairi William. Njiani walikutana na watoto wa kiume waliokuwa pekupeku, kofia zao zimepambwa kwa maua. Walipoulizwa wanasoma nini shuleni, wakawataja washairi wa kale: Virgil, na Homer kidogo.

Mwaka huohuo, mzaliwa wa Leadhills, William Symington, aliijaribu meli yake ya mvuke, Charlotte Dundas, ikavuta matishari mawili kwenye mfereji. Mshairi Allan Ramsay naye alizaliwa hapa, na maktaba sasa ina jina lake.

Migodi ilifungwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na reli iliyofika kijijini nayo ikafungwa. Kipande chake sasa hupitisha kitreni cha watalii. Maktaba ipo, pamoja na madaftari ya mikataba ya wachimbaji na kampuni. Makaburini kuna jiwe la mchimbaji John Taylor, linalodai kwamba alikufa akiwa na miaka 137. Anayetaka kubisha, jiwe liko palepale.