Kabla ya kuuza kitabu pepe, ijue hakimiliki yako

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MWANDISHI aliyemaliza riwaya yake leo hahitaji tena kuzunguka katika ofisi za wachapishaji, wala kutafuta fedha za kulipa kiwanda cha chapa. Akiwa na kompyuta na intaneti anaweza kukitoa kitabu chake kama kitabu pepe, kikasomwa Mwanza, Mombasa na Muscat siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, uhuru huo una mzigo wake. Kazi ya kukagua mikataba, kuomba vibali na kulinda haki, ambayo kwa kawaida hufanywa na mchapishaji, humwangukia mwandishi mwenyewe. Anayeipuuza anaweza kujikuta akiuza asichokimiliki, au akipoteza alichokitolea jasho.

Haki huanza lini?

Kwa Tanzania Bara, msingi wa mambo haya ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003, na Kenya inaongozwa na sheria ya mwaka 2001. Aidha, Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, hivyo kazi ya Mtanzania hulindwa pia katika nchi nyingine wanachama.

Kwa mujibu wa mkataba huo, hakimiliki haitegemei cheti wala muhuri. Mwandishi huipata pale anapoitunga na kuiandika kazi yake. Alama ya ©, jina na mwaka katika ukurasa wa mwanzo si sharti la kupata haki, bali ni tangazo kwa msomaji kwamba kazi ina mwenyewe.

Usajili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA), au Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) kwa walio huko, una faida yake siku ya mgogoro, kwa kuwa huwa sehemu ya ushahidi. Miswada ya awali, barua pepe zenye tarehe na mawasiliano na mhariri navyo vihifadhiwe.

Jambo moja huwachanganya wengi: sheria hulinda maandishi, si wazo. Kisa cha msichana anayetoka kijijini kuja mjini kutafuta kazi ni cha kila mtu. Sentensi, mazungumzo na mpangilio alioubuni mwandishi mmoja ni vyake.

Miaka 50 baada ya kifo

Tanzania na Kenya hulinda haki za kiuchumi za mwandishi katika uhai wake wote, na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya huhesabu miaka 70. Anayetaka kutumia kazi ya zamani katika kitabu kitakachouzwa nje ya nchi hana budi kuangalia sheria ya huko pia.

Mfano ulio wazi ni wa tafsiri. Tamthilia za Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, zi huru kwa yeyote kuzitafsiri. Lakini Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969, ni kazi inayojitegemea kisheria. Mwalimu alifariki mwaka 1999, hivyo kwa hesabu ya miaka 50 tafsiri hiyo inalindwa hadi mwisho wa mwaka 2049. Vivyo hivyo, anayetaka kutafsiri riwaya ya kigeni ambayo bado inalindwa lazima apate kwanza kibali cha mwenye haki.

Kunukuu kunaruhusiwa, mradi nukuu iwe ya kiasi kinachostahili kwa lengo lake, na mwandishi na chanzo vitajwe. Imani kwamba maneno machache ni halali daima haina msingi. Beti mbili za wimbo mfupi zinaweza kuwa sehemu kubwa ya wimbo huo.

Mkataba wa zamani

Tatizo kubwa zaidi huwakabili waandishi ambao vitabu vyao vilichapishwa zamani kwenye karatasi. Je, wanaweza kuvitoa upya kama vitabu pepe? Jibu limo ndani ya mkataba.

Ikiwa mkataba ulimpa mchapishaji haki zote kwa namna zote, mwandishi hana ruhusa ya kujiuzia mwenyewe, hata kama kitabu hakipatikani tena madukani. Ikiwa ulimpa haki ya kuchapisha kwenye karatasi tu, mlango u wazi. Pale mkataba unapokuwa kimya, busara ni kuandika barua kuomba haki zirejeshwe, na kusubiri jibu la maandishi kabla ya kuuza nakala hata moja.

Tahadhari hiyo hiyo yamhusu aliyeandika hadithi za mfululizo gazetini, au aliyeandika akiwa kazini.

Jalada nalo lina mwenyewe. Kumlipa mchoraji ujira wake si sawa na kununua hakimiliki ya mchoro, na picha iliyookotwa mtandaoni haikosi mwenyewe. Makubaliano ya maandishi, hata ya ukurasa mmoja, yaeleze kwamba picha itatumika kwenye kitabu pepe, kwenye matangazo na kwenye chapa ya karatasi iwapo itatoka. Anayeandika kumbukumbu za maisha akumbuke pia kwamba watu halisi waliotajwa wanaweza kushtaki kwa kashfa.

Namba na malipo

Namba ya ISBN, yenye tarakimu 13 tangu mwaka 2007, hutambulisha toleo la kitabu. Haithibitishi umiliki. Nchini hutolewa kupitia Bodi ya Huduma za Maktaba, na toleo la kielektroniki huhitaji namba tofauti na lile la karatasi. Duka la Kindle la Amazon haliilazimishi kwa vitabu pepe.

Masharti ya duka nayo ni mkataba. Anayejiunga na mpango wa KDP Select wa Amazon, kwa mfano, hufungwa siku 90 asiuze wala kugawa kitabu pepe hicho mahali pengine. Mwandishi wa nchi isiyo na mkataba wa kodi na Marekani, Tanzania na Kenya zikiwamo, hukatwa asilimia 30 ya mrabaha unaotokana na mauzo ya Marekani.

Kazi ikiibwa

Kitabu pepe kinaweza kusambazwa kwa WhatsApp kwa dakika chache. Mwandishi anayekikuta kikigawiwa ahifadhi picha za ushahidi zenye tarehe, aiandikie kampuni inayoendesha mtandao husika kitolewe, kisha apeleke malalamiko COSOTA au mahakamani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inagusa uvunjaji wa haki za ubunifu.

Hatua zote hizo hutegemea swali moja atakaloulizwa kwanza: una ushahidi gani kwamba kazi hii ni yako? Mwenye muswada, mikataba na cheti ndani ya faili moja atalijibu siku hiyo hiyo.