Barabara ya Alaska: Starehe ya wastaafu, jasho la wanajeshi weusi

Kiangazi kikifika, mji mdogo wa Dawson Creek, magharibi mwa Kanada, hujaa magari marefu yenye vitanda, jiko na choo humohumo ndani. Wenyewe wengi ni wastaafu, wanatembea na nyumba zao kama kobe. Wakishapiga picha kwenye nguzo ya maili sifuri na kujaza mafuta, wanashika njia ya kilomita 2,200 na ushei hadi Delta Junction, Alaska. Wengi hubeba The Milepost, kitabu cha mwongozo kilichoanza kutolewa mwaka 1949, kinachowaeleza njia maili kwa maili: mafuta yako wapi, pa kulala ni wapi, na ni wapi nyati wa huko, wale wenye manyoya mazito, hupenda kusimama katikati ya barabara bila haraka yoyote.

Walioikata njia hiyo hawakuwa na habari na utalii. Japani ilipoishambulia Pearl Harbor Desemba 7, 1941, wakubwa wa Washington walijikuta na Alaska isiyofikika kwa barabara. Viwanja vya ndege vilikuwepo msituni upande wa Kanada, Fort Nelson, Watson Lake na Whitehorse, lakini kuvihudumia kulikuwa shida, ikaamuliwa barabara ikatwe. Machi 1942 wanajeshi wa Marekani wakaanza kuteremka kwenye treni Dawson Creek, maana reli iliishia hapo. Juni Wajapani wakateka visiwa vya Attu na Kiska, huko huko Alaska, na kazi ikawa ya kukimbizana.

Wanajeshi waliopelekwa walizidi 10,000, na karibu theluthi yao walikuwa Wamarekani weusi wa rejimenti za 93, 95, 97 na 388. Jeshi la Marekani wakati huo lilitenganisha watu kwa rangi, na weusi waliongozwa na maofisa weupe. Jenerali Simon Bolivar Buckner, mkuu wa majeshi Alaska, hakuwataka kabisa. Baba yake alikuwa jenerali wa majimbo ya Kusini yaliyopigana kulinda utumwa. Mwana naye aliandika waziwazi kwamba anahofia watu hao watabaki Alaska baada ya kazi na kuzaa na wenyeji. Mwisho walikuja, ila wakawekwa porini, mbali na miji.

Rejimenti ya 95 iliporwa hata vitendea kazi. Makatapila yake yalikabidhiwa rejimenti ya weupe, ya 341, wao wakaachiwa zaidi mashoka, misumeno na makoleo. Julai wakapewa mto Sikanni Chief wauwekee daraja. Inasimuliwa kwamba walicheza kamari na mishahara yao kuwa watalimaliza ndani ya siku tatu. Waliingia kwenye maji ya barafu yaliyowafika kifuani, wakapokezana zamu usiku na mchana, na giza lilipoingia taa za malori ziliwamulikia. Saa 72 hazikupita kabla daraja halijasimama. Mtu aliyedai weusi hawawezi kazi ya uhandisi alipaswa kulivuka kwa miguu.

Kaskazini zaidi adui alikuwa ardhi yenyewe. Chini ya kuvumwani, udongo umeganda mwaka mzima. Katapila likishakwangua juu, jua linapiga, barafu inayeyuka, na njia inageuka tope linalomeza mashine. Ikabidi wajifunze kuacha kuvumwani mahali pake, kulaza magogo juu yake yakibanana, kisha kumwaga kifusi. Hata leo, karibu na Beaver Creek, lami huinuka na kushuka kama mawimbi, na dereva asiyepunguza mwendo husikia sahani zikigongana kabatini nyuma yake.

Ni karibu na hapo ambapo, Oktoba 1942, Koplo Refines Sims wa rejimenti ya 97 alikuwa akiendesha katapila alipoona miti ikiangukia upande wake. Akarudi nyuma. Kwenye vichaka likatokeza katapila jingine, likiendeshwa na Alfred Jalufka, mzungu wa rejimenti ya 18. Vikosi vilivyokuwa vikikata njia kutoka pande mbili vilikuwa vimekutana. Picha ya wawili hao wakipeana mikono ilisambaa, na Novemba 20 barabara ikafunguliwa rasmi kando ya Ziwa Kluane.

Wenyeji wa asili, ambao baadhi yao waliwaongoza wapimaji, walilipwa vibaya. Surua na mafua viliingia na wageni na kuua watu vijijini, Teslin ikiwemo. Kisha eneo la Kluane likafanywa hifadhi, na wenyeji wake, Watutchone, wakakatazwa kuwinda katika ardhi yao.

Raia waliruhusiwa kupita kwa uhuru mwaka 1948, na lami ikaja kidogokidogo kwa miongo mingi. Watalii husimama Watson Lake, ambako mwaka 1942 askari Carl Lindley, kwa kukumbuka kwao, alitundika kibao kinachoelekeza Danville, Illinois. Wapita njia wakamwiga. Leo vibao ni makumi ya maelfu.

Wanajeshi weusi walisubiri zaidi. Daraja la mto Gerstle, jirani na Delta Junction, lilipewa jina la kuwaenzi mwaka 1993. Mwaka 2017 bunge la Alaska likapitisha sheria ya kuitenga Oktoba 25 kila mwaka iwe siku yao. Wengi wao walikuwa wameshafariki.