Kicheko Kilichomwacha Askari: Vita vya Burma katika Televisheni ya Uingereza na Kumbukumbu za Kilolo

Kwa wazee wa Kilolo, mkoani Iringa, neno Keya halihitaji maelezo. Ni jeshi la King's African Rifles, ambalo katika Vita Kuu ya Pili liliwapeleka vijana wa Nyanda za Juu Kusini hadi Burma. Nimelisikia neno hilo tangu utotoni. Nilipoanza kuchunguza namna Waingereza walivyovigeuza vita hivyo kuwa vichekesho vya televisheni, swali langu la kwanza lilikuwa jepesi: Keya wako wapi?

Mfululizo wa It Ain't Half Hot Mum, ulioandikwa na Jimmy Perry na David Croft, ulioneshwa na BBC kuanzia mwaka 1974 hadi 1981. Unahusu kikundi cha burudani cha jeshi la Uingereza kilichokuwa Deolali, India, na baadaye Burma, vita na Japani vikiwa bado vinaendelea. Perry mwenyewe alitumikia kikundi cha aina hiyo huko Deolali, hivyo mazingira aliyajua. Hata hivyo, ujuzi huo uliishia kwenye mabweni ya Waingereza. Mhusika mkuu wa Kihindi, Rangi Ram, aliigizwa na Michael Bates, Mwingereza aliyepakwa rangi usoni. Wanaomtetea husema kwamba Bates alizaliwa India. Utetezi huo haunishawishi: Dino Shafeek, mzaliwa wa Dhaka, alikuwamo katika igizo lilelile, akipewa nafasi ya muuza chai.

Mjadala kuhusu rangi hiyo ya uso umefunika upungufu mwingine. Miongoni mwa wahusika wakuu hakuna hata askari mmoja wa Afrika Mashariki, ilhali Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ndiyo iliyowafuatia Wajapani katika bonde la Kabaw mwaka 1944, kwenye matope ya monsuni na malaria, ikaingia Kalewa, kando ya mto Chindwin, mwezi Desemba. Gerald Hanley, mwandishi aliyefuatana nao, alichapisha habari zao mwaka 1946. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba habari hizo hazikupatikana.

Mfululizo huu huchekesha kwa kupima nani anastahili kuitwa askari. Sajenti Meja Williams hachoki kuwadhihaki waigizaji wake kwa kukosa uanaume. Kipimo cha aina hiyo Waingereza walikitumia kwa Waafrika bila mzaha wowote. Wahehe, ambao chini ya Mkwawa waliwashinda Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, waliwekwa katika fungu la makabila ya kivita na kuandikishwa Keya kwa wingi.

Askari hao nao walicheka. Walikuwa na Kiswahili chao cha kambini, na gazeti la Heshima lililotolewa kwa ajili ya askari wa Afrika Mashariki waliokuwa Asia. Utani wao haukuandikiwa igizo. Aliyekwenda Burma akiwa na miaka 20 leo amepita 100. Ndiyo sababu mahojiano ya sura inayofuata yanawahusu watoto wao.