Asili ya Bata Wako

Msomaji, huenda siku moja ukawa na shilingi zako chache, na sehemu ndogo ya ua nyuma ya nyumba ya wazazi wako, ukapenda kuanza kufuga bata. Watu watakuambia kwamba bata ni bata tu. Mimi nami niliamini hivyo. Nilipoanza kazi ya ualimu nilinunua majike matano na dume mmoja, wote wa rangi ya vumbi, nikangoja waniangulie vifaranga. Majike yale yalitaga kila asubuhi, yakayaacha mayai popote yalipokuwa, hata matopeni, wala hapana hata moja lililoatamia. Mwaka ukapita nisipate kifaranga. Nikamwita aliyeniuzia laghai. Kumbe kosa lilikuwa langu, maana sikuuliza mbegu ile ilipatikana wapi, wala ilikusudiwa kazi gani.

Yakupasa kujua kwamba karibu bata wote wafugwao wametokana na bata-mwitu wa nchi za kaskazini, yule ambaye dume wake ana kichwa cha kijani kinachong'aa. Tofauti zote uzionazo leo, za rangi, za uzito na za tabia, zililetwa na watu, kila watu kwa haja yao.

Bata wangu walikuwa wa mbegu iitwayo Khaki Campbell. Mwanzo wake ni katika kijiji cha Uley, wilaya ya Gloucestershire, nchini Uingereza, nyumbani kwa bibi mmoja, Adele Campbell. Bibi huyo alikuwa na jike moja la aina ya Indian Runner, lililotaga mayai 182 katika siku 196. Akaona mali ya namna hiyo haifai kupotea. Akalipandisha kwa dume la Rouen, bata mkubwa wa Kifaransa, na baadaye akatia damu ya bata-mwitu. Mwaka 1898 mbegu yake ikatangazwa. Jina la Khaki likaongezwa kwa sababu ya rangi, iliyofanana na sare za askari wa Kiingereza waliokuwa wakipigana na Makaburu huko Afrika Kusini.

Lakini Runner mwenyewe alitoka wapi? Si India, ingawa jina lasema hivyo. Alitoka katika visiwa ambavyo leo ni vya Indonesia. Mwaka 1856 mtaalamu wa viumbe, Alfred Russel Wallace, aliwaona bata hao katika kisiwa cha Lombok, wakitembea wima mithili ya ndege aitwaye pengwini. Wenyeji huwapeleka bata mashambani mwa mpunga waokote konokono na punje zilizoanguka, na jioni huwarudisha nyumbani. Basi fikiri: bata aliyechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa miguu yake na kwa mayai yake, atakuwa na moyo gani wa kuketi kiotani? Jike linaloatamia huacha kutaga. Mchaguzi wa mayai humpita huyo, akachukua lisiloketi. Ndivyo nilivyouziwa, tena kwa haki kabisa.

Bata weupe wa Pekin wana habari nyingine. Walitoka China, na bata tisa tu ndio waliofika New York wakiwa hai mwaka 1873, lakini wazao wao walienea upesi katika mashamba ya Long Island. Hao ni bata wa nyama. Hukua haraka, na hula sana. Mwenye mfuko mwepesi na asiye na soko karibu asiwakimbilie.

Sasa nimtaje yule asiyetokana na bata-mwitu wa kaskazini. Ndiye mwenye nyama nyekundu zenye vinundu usoni, na bila shaka umemwona vijijini. Waingereza humwita Muscovy, yaani wa Moscow, naye hakutoka huko kabisa. (Bata mzinga naye wamempa jina la Uturuki, na asili yake ni Amerika!) Wenyeji wa Amerika ya Kusini walikuwa wakimfuga kabla Columbus hajafika mwaka 1492. Hapigi kelele, hutoa sauti ya kufoka tu. Hujitafutia majani na wadudu, na jike lake huatamia kwa uvumilivu mwingi. Kasoro zake ni kwamba majike huruka, ikakulazimu kuyakata manyoya ya bawa moja, na hayatagi mayai mengi kama Campbell. Ukimchanganya na bata wengine, watoto watakaozaliwa watakuwa tasa.

Kwa mtu anayeanza, asiye na mashine ya kuangulia, mimi namshauri huyo. Na kama moyo wako unataka mayai ya Campbell, fanya kama nilivyofanya mwaka wa pili. Nilinunua jike moja la Muscovy, nikangoja lianze kuatamia, ndipo nikalitilia mayai 12 ya wale wavivu wangu. Siku ya 28 nikasikia sauti ndani ya maganda. Ila usiyaache mayai yake mwenyewe chini yake wakati huo, kwa kuwa hayo yataka siku 35, nalo likishaona vifaranga vinatembea litaondoka navyo.