Taa Isiyotulia: Brassaï, Mwanafunzi na Usiku wa Dunga

Kila anayefundisha upigaji picha anaijua homa ya Brassaï. Mwanafunzi akishakifungua Paris de nuit, kitabu cha mwaka 1933, usiku wake wote unahamia Paris. Mmoja wa wanafunzi wangu wa Kisumu aliniletea picha kumi na mbili za nyeusi na nyeupe: lami iliyolowa, ukungu, mtu mmoja chini ya taa. Mvua ilikuwa ya kweli, ya Aprili. Ule ukungu ulikuwa moshi wa jiko la kukaangia samaki.

Picha ya kumi na tatu alikuwa ameiweka kando akidai imeharibika. Aliipiga Dunga, ufukwe wa Ziwa Victoria hapo Kisumu, shata ikiwa wazi kwa sekunde 20, kamera ikielekea taa za wavuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwa hilo. Badala ya nukta za mwanga zilitoka nyuzi zilizojikunja kama funza. Hoja yangu ni kwamba humo ndimo alimokuwamo Brassaï. Zile kumi na mbili zilikuwa na sura yake tu.

Gyula Halász, ndilo jina la kuzaliwa la Brassaï, alizaliwa Brassó mwaka 1899 na kufika Paris mwaka 1924. Alipiga kwa bamba za kioo zilizohitaji mwanga wa muda mrefu, kamera juu ya stendi, na husimuliwa kwamba muda aliupima kwa sigara: Gauloise palipokuwa na mwanga wa kutosha, Boyard, iliyo nene zaidi, palipozidi giza. Kipimo hicho kilifaa kwa sababu taa za Paris zilisimama juu ya nguzo, wala hazikusogea hadi sigara ikaisha. Ukungu nao haukuwa pambo. Ulisambaza mwanga, ukapunguza ukali kati ya taa na giza, bamba lisiungue upande mmoja na kubaki tupu upande wa pili. Anayechukua ukungu akaliacha tatizo hilo amenakili jibu la mtihani wa mwenzake.

Mpiga picha wa Uingereza, Bill Brandt, hakufanya hivyo. A Night in London yake, ya mwaka 1938, inadaiwa waziwazi na kitabu cha Brassaï, lakini alichokitafuta ni tabaka za Waingereza: mabwana mezani, watumishi nyuma yao. Na baadhi ya "watu wa usiku" hao walikuwa jamaa na marafiki zake aliowapanga. Brassaï pia aliwapanga wenzake mbele ya kamera. (Mwanafunzi alinuna nilipomweleza hili, kana kwamba nimemsengenya mzee wake.)

Sasa turudi Dunga. Taa ya omena haina nguzo. Zamani ilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za LED zinazotumia betri. Huelea majini, zikawavuta omena juu, kisha wavu ukawazunguka. Kazi hiyo inataka giza: mwezi ukiwa mpevu taa hupoteza nguvu, na boti nyingi hubaki ufukweni. Kwa hiyo kalenda ya mvuvi ndiyo ya mpiga picha pia, na sekunde zake 20 zinapima kitu ambacho sigara ya Brassaï haikukipima, yaani wimbi. Kila uzi uliojikunja ni mwendo wa maji chini ya taa moja. Huo si uharibifu.

Palipomshinda mwanafunzi kweli ni kwenye nyuso. Alipima mwanga kwa kufuata taa, na uso wa nahodha ukawa shimo jeusi. Hapo Brassaï hana msaada mkubwa, kwa kuwa nyuso nyingi alizozipiga ni nyeupe na hujitenga zenyewe na giza. Nilimpa kazi za Roy DeCarava wa Harlem, aliyetoa The Sweet Flypaper of Life pamoja na Langston Hughes mwaka 1955. DeCarava alitosheka na mwanga aliokuta, akazichapa picha zake kwa vijivu vizito kiasi kwamba ngozi nyeusi inakaa ndani ya giza bila kumezwa nalo. Shavu na ukuta hutenganishwa na tofauti ndogo mno, na jicho linalazimika kungoja.

Brassaï na DeCarava, walimu wake wote wawili, wanarithisha upofu pia. Katika nyeusi na nyeupe, manjano ya karabai na weupe wa LED huwa kitu kimoja, na badiliko kubwa kabisa la usiku wa wavuvi linapotea bila alama. Mimi ningepiga baadhi kwa rangi. Yeye amekataa.

Amesharudi Dunga usiku usio na mwezi, safari hii kwa sekunde 4. Katika picha moja msururu wa taa unakatizwa na doa jeusi pana. Watazamaji hudhani ni kisiwa, kumbe ni gugu maji lililosukumwa na upepo. Bado tunabishana kama aandike maelezo chini yake.