Kutua majini: kabla ya Pemba, tuanzie Rufiji

Kila mazungumzo ya usafiri wa Pemba yakipamba moto, hakosi mtu wa kusema: "Jamani, mbona hatuletewi zile ndege ndogo za kutua majini?" Hoja yake naielewa. Tangu usiku ule wa Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikielekea huku, wengi wetu tukipanda boti dua haikauki mdomoni. Na ghuba tunazo: Mkoani, Chake, Wete. Basi nikaamua kusoma historia ya ndege za majini kwenye pwani yetu. Wadau, historia ipo, imepita miaka 100, na imejaa mikasa ya kutua.

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia Unguja alfajiri ikaizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus. (Makaburi ya mabaharia wa Pegasus yapo Chapwani, kile kisiwa wanachoendea watalii kuogelea.) Kisha ikajificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, ambako manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata. Ikabidi itafutwe kutoka angani. Uwanja wa ndege hapakuwa, ila bahari ilikuwepo.

Wakamchukua rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliyekuwa Afrika Kusini na ndege ya Curtiss yenye umbo la mashua. Wakamvisha sare, wakampeleka Niororo, kisiwa kidogo karibu na Mafia. Novemba 1914 akaruka mara ya kwanza, bila dira, akapotea na kutua kando ya kisiwa kingine mpaka alipofuatwa. Safari nyingine, wakati wa kutua, mwili wa ndege ukapasuka. Ikabidi mwingine ufuatwe Durban. Rejeta nayo ilipoharibika, wakaenda Mombasa kuchukua ya gari la Ford! Mafundi wa gereji zetu wangejivunia. Desemba injini ikamzimikia juu ya delta, akatua mtoni, Wajerumani wakamkamata. Ndege yenyewe Waingereza waliivuta na kuitoa huku risasi zinalia.

Mwaka 1915 zikaja Sopwith za kutua majini, ndege za mbao na kitambaa zilizoundwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Joto letu likazimaliza. Gundi ililegea, pangaboi zilipasuka, na kwa kuwa hewa ya joto ni nyepesi, ndege ilikimbia juu ya maji weee bila kunyanyuka ikiwa imebeba bomu na mtu wa pili. Zilizofuata, za kampuni ya Short, zilifanya vizuri kidogo, mpaka Aprili mwaka huo rubani John Cull akaipiga picha Königsberg. Mwishowe Waingereza wakasafisha uwanja Mafia na kuleta ndege za magurudumu.

Hapo ndipo kuna kisa ninachotaka mkishike. Tarehe 11 Julai 1915 Cull na mwenzake Arnold walikuwa juu ya delta kwa ndege ya Henri Farman, wakielekeza mizinga ya manowari Severn na Mersey kwa redio. Ndege ikapigwa, injini ikafa. Arnold akaendelea kutuma maelekezo huku wanashuka. Cull akailenga mto karibu na Mersey. Magurudumu yalipogusa maji, ndege ikabinuka kichwa chini. Arnold akarushwa nje. Cull akazama nayo, kwa kuwa alisahau kufungua mkanda, akajinasua huko huko chini. Mashua ya Mersey ikawaokota wote wawili wazima. Königsberg iliangamia siku hiyo hiyo.

Sasa angalieni ndege ndogo za leo za nchi kavu na majini. Chukua Cessna Caravan, zile zile zinazotuleta Pemba: ukiifunga maboya mawili marefu kama mitumbwi, yenye magurudumu yanayokunjwa ndani, inatua kwenye lami na kwenye maji. Ikitua kwenye lami magurudumu yakiwa yamekunjwa, maboya yanakwaruzika na mara nyingi abiria wanashuka kwa miguu yao. Ikitua majini magurudumu yakiwa chini, ni Cull tena. Ajali ya aina hii inajulikana sana, kiasi kwamba ndege nyingi za namna hii zina sauti ya kumkumbusha rubani magurudumu yako wapi. Na bado inatokea. Mazingira yake ni ya kawaida kabisa: umeruka kutoka kwenye lami, safari ni fupi, kuna jambo limekuchukua mawazo. Mimi nikisikia "fupi" nafikiria kutoka uwanja wa Karume mpaka Misali.

Hata ule utulivu wa ghuba zetu, ambao kila mtu anausifu, si rafiki. Maji yakilala kama kioo, rubani hawezi kujua kwa macho yuko juu kiasi gani, na huweza kuyagonga akidhani bado yuko mbali. Halafu bamvua huku maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Palipokuwa na kina asubuhi, mchana ni mwamba. Ongeza nyavu, ngalawa, na vijiti vya mwani vya akina mama vilivyofunikwa na maji. Sijasikia anayetaka ndege hizi akiwataja wakulima wa mwani hata mara moja.

Nani atatufundisha kutoka kwenye ndege iliyopinduka? Comoro, Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuishiwa mafuta ilianguka baharini wakafa 125 kati ya 175. Baadhi walikuwa wameshajaza upepo maboya yao ya kuokolea wakiwa bado ndani, maji yakawanyanyua kwenye dari wakashindwa kutoka. Bukoba, Novemba 2022, ndege ya magurudumu iliyotumbukia ziwani ikikaribia uwanja iliua 19 kati ya 43, na waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Cull alikuwa peke yake mle ndani, mahali pake pa kukaa pako wazi, na mashua ya Mersey iko jirani.