Maji ya Kinjeketile Yalivyofika Busunzu

Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, havikufika kwetu Busunzu. Kutoka Kilwa hadi nyanda hizi za juu za Kigoma, huku Kibondo na Kasulu, ni zaidi ya kilomita 1,000. Waha walikuwa na watawala wao na mashaka yao. Hata hivyo, mtoto wa Busunzu aliyepita sekondari anamjua Kinjeketile kama amjuavyo mzee wa kijiji chake. Aliyemfikisha huko si askari wala mwanasiasa. Ni mwandishi wa tamthilia, Ebrahim Hussein, na leo nataka tuzungumze juu ya kazi yake.

Hussein alizaliwa Kilwa mwaka 1943, akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alianza na michezo mifupi kama Wakati Ukuta, unaohusu ugomvi wa wazazi na vijana. Mwaka 1969 ikatoka Kinjeketile. Nchi ilikuwa changa na ilitaka mashujaa. Hussein angeweza kuipa shujaa wa sanamu, asiyetikisika. Hakufanya hivyo. Kinjeketile wake ana shaka. Anawapa watu maji ili makabila yanayotiliana mashaka yashikamane. Yakisha kushikamana, neno alilolizaa mwenyewe linamshinda nguvu. Anawaambia wasubiri, wao wanakwenda vitani. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa ayakane maji. Anakataa, kwa sababu anajua watoto wa baadaye wataambiwa kwamba waliopigana walikosea.

Mimi niliwahi kuisoma tamthilia hiyo kwa sauti kijijini, mbele ya mzee mmoja aliyekata mkonge Tanga. Wanaume wengi wa Buha walikwenda huko kama manamba. Nilipofika pale wanaume wanapotumikishwa kwa viboko katika shamba la pamba la Mjerumani, na wake zao nyumbani hawana cha kupika, alinikatiza. Akauliza kama mwandishi alipata kuwa manamba. Nikamjibu kwamba hapana, ni msomi wa Chuo Kikuu. Akasema, “Basi aliwasikiliza watu vizuri.” Sijapata kusikia uhakiki ulio bora kuliko huo.

Baada ya sifa hizo Hussein angeweza kutulia akala jina. Badala yake, mwaka 1971 alitoa Mashetani, akiuliza kama uhuru umemwondoa bwana au umembadilisha sura tu. Alikwenda Berlin Mashariki, akapata shahada ya udaktari mwaka 1975. Zikafuata Jogoo Kijijini mwaka 1976 na Arusi mwaka 1980. Mwaka 1986 aliacha kazi Chuo Kikuu. Miaka miwili baadaye ikatoka Kwenye Ukingo wa Thim, ambamo mjane na ukoo wa mumewe wanagombea maziko, baada ya kesi kama hiyo kuitikisa Kenya. Kisha mwandishi akajiweka kando na kelele za mjini, akaishi kimya.

Wapo wanaosikitikia kimya hicho. Mimi nasema mtu aliyetuonyesha jinsi neno linavyoweza kumtawala aliyelisema ana haki ya kupima maneno yake.

Maji ya Ngarambe hayakuzuia risasi, na watu wa kusini walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa. Lakini Kiswahili cha Hussein kimeufikisha uchungu wao mahali ambapo maji yenyewe hayakufika. Kimemfanya Muha aone kwamba Mmatumbi yule ni babu yake pia.

Kinachonitia hofu ni kwamba vijana wetu wanakariri Kinjeketile kwa ajili ya mtihani, kisha wanakitupa kitabu. Tamthilia ni ya kuchezwa. Haihitaji umeme wala ukumbi. Uwanja wa shule unatosha, Busunzu au Ilala. Walimu, wapeni vijana uwanja, na wazee waitwe waje kusikiliza.